Nyumba Isiyopimwa

Jumatatu, 7 Novemba 1994

Ugali na mapanki tena. Kiwanda kinauza minofu Ulaya, sisi tunabaki na mifupa. Mashine ya baridi namba mbili imevuja asubuhi, nimeiziba. Jioni nimepanda mlima Ilemela na dalali. Chumba cha kwanza kilikuwa na mbuzi ndani. Cha pili, mwenye nyumba ameuliza mke yuko wapi. Nimesema Bungoma. Ametazama viatu vyangu, akasema chumba kimeshapata mtu. Uongo mtupu.

Wiki ya tatu hii. Mwanamume peke yake, Mkenya, hana ndugu hapa. Hakuna anayeamini nina mke. Nami ningekuwa na mabinti ningekataa vilevile.

Jumatano, 9 Novemba

Barua ya mke wangu Nekesa, kwa mkono wa kondakta wa basi. Mwalimu mkuu wake anataka jibu kabla shule hazijafungwa tarehe 25: anaacha kazi au anabaki. Ameandika: "Kama hakuna nyumba, nabaki. Sitakuja kulala bwenini na wanaume sita." Hakuna hasira katika maneno yake. Hilo ndilo limenitisha. Mwaka mzima ndoa yetu imekuwa ya barua. Akibaki safari hii, basi tena.

Jumamosi, 12 Novemba

Nimeipata! Pasiansi, vyumba viwili na jiko, vimebanwa kati ya majabali mawili. Ziwa linaonekana mlangoni. Mwenyewe ni Mama Kabula, mjane, anakaa nyumba ya mbele. Aliniacha niingie mwenyewe, yeye akaendelea kuanika dagaa.

Nikatoa futi yangu ya chuma, nikapima. Ukuta kwa ukuta, dirisha, mpaka nje kwenye jabali. Nikaandika kila kitu kwenye daftari. Kitanda chetu nilikitengeneza mwenyewe kabla ya harusi, mvule, gundi na misumari, hakifunguki. Lazima nijue kitakaa wapi. Nilipotoka, Mama Kabula alikuwa amesimama. Hakuniaga.

Jumatatu, 14 Novemba

Nimekataliwa. Nyumba haipangishwi, basi. Majirani walikuwa wamekaa naye, watu saba au wanane, wananitazama. Nimeuliza kosa langu. Dalali alitangulia kushuka mlima, akaniacha huko juu.

Jumanne, 15 Novemba

Sijaongea na mtu leo, ila mashine.

Alhamisi, 17 Novemba

Nimekwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi wa kule mlimani, Mzee Masanja. Nimejifunza kuanza na shikamoo. Kwetu tunasema habari yako, tunaingia kwenye jambo. Hapa jambo linasubiri mpaka mvua, ng'ombe na afya viishe.

Vilipoisha, akanieleza. Mwaka jana, kule chini ufukweni, walikuja vijana wenye futi na daftari. Walipima, hawakusema neno. Baada ya mwezi, alama nyekundu ya X kwenye kila ukuta. Kiwanja kilikuwa kimeuzwa kwa mwekezaji. Dada yake Mama Kabula alihamishwa na masufuria yake kichwani. Sasa naja mimi, mgeni, mtu wa kiwandani, nakunjua futi mpaka kwenye jabali.

Mjinga ni mimi. Nimeishi na mashine mpaka nimesahau kwamba watu huulizwa kwanza.

Jumapili, 20 Novemba

Mzee Masanja amenisindikiza. Nimeamkia, nimekaa kwenye kigoda, nimekunywa uji. Hakuna aliyetaja nyumba kwa saa nzima. Kisha nikaeleza habari ya kitanda. Nikatoa picha ya harusi. Mama Kabula aliishika muda mrefu.

"Yaani wewe ulipima nyumba yangu kwa ajili ya kitanda?"

Nikasema ndiyo, mama. Akacheka mpaka akafuta macho kwa khanga. Mimi sikucheka.

Amekubali, kwa sharti moja. Futi ibaki kwake. "Siku huyo mwanamke akifika nimwone kwa macho, nakurudishia. Kabla ya hapo humu ndani usipime kitu." Nimempa mbele ya mjumbe. Usiku huu huu naandika barua, kesho kondakta aondoke nayo.

Jumatatu, 21 Novemba

Nimehamia. Godoro, ndoo, jiko la mkaa. Bwenini nilichoka na kelele za wale sita. Leo nimezikumbuka.

Jumatano, 23 Novemba

Hakuna barua. Mama Kabula ameuliza mke anakuja lini. Nimesema karibuni. Ameitikia kwa upole, na upole ule umeniuma kuliko kukataliwa. Anadhani picha ile ni ya zamani. Labda kweli ni ya zamani.

Ijumaa, 25 Novemba

Leo shule zinafungwa. Nimekwenda stendi kabla ya kazi, basi halijafika. Nimerudi tena mchana. Kondakta amenipa bahasha nyembamba. Nimeifungua jioni, nimeketi kizingitini.

Mistari miwili. "Mlango una upana gani? Niulize lori au nikiache kitanda kwa mama?"

Hajaandika kwamba anakuja. Lakini mtu asiyekuja hana haja na upana wa mlango.

Futi iko kwa Mama Kabula, imefungwa kwenye pindo la khanga. Ningeweza kuazima ya kiwandani. Nimeahidi. Ila mkono sikuuwekea ahadi. Nimeulaza mlangoni: kiwiko hadi kidole cha kati, mara moja, na zaidi ya nusu. Kitanda kitapita kwa ubavu. Mama Kabula ameniona kutoka kwake, akageuka akaendelea na dagaa wake.

Kisha nimeingia chumbani, nikalala sakafuni palepale kitakapokaa. Upande wangu, wa ukutani. Nimenyoosha mkono upande wake. Sakafu ni baridi. Nafasi inatosha.