Unga wa Shemeji

Jumapili, 29 Julai 1979
Saumu ya nne. Maharagwe hayana huruma – yananukia tangu asubuhi! Ramadhani hii Jescah, msaidizi wangu hapa hotelini, ndiye ulimi wangu. Yeye ni Mkristo. Anaonja chumvi, ananiambia bado au basi. Shehe anasema hata mimi naruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Lakini ulimi wangu mimi naujua.

Shemeji Rajabu ameleta magunia mapya ya unga. Yeye analeta, mimi nawapikia wakataji miwa wake chakula cha mchana.

Jumatatu, 30 Julai
Jescah kaenda matanga Matungu. Nimepika bila kuonja. Wakataji wamekula kimya kabisa – nikadhani ni utamu!

Jumanne, 31 Julai
Nusu yao hawakuja kazini. Matumbo. Mzee Lusweti kabebwa kwa baiskeli hadi zahanati. Jescah ameonja ugali wa leo, akatema.

"Mama, hii obusuma iko chungu. Unga imeoza."

Nimelia. Mikono iliyosonga ugali huo ni yangu.

Jumatano, 1 Agosti
Nimekwenda kwa shemeji. Unga ulinyeshewa kidogo tu, anasema, na watu wa shamba wana matumbo magumu. Tena nisimfundishe dini – mikeka ya msikiti kanunua nani? Halafu akanikumbusha hoteli iko kwenye nyumba yake. Kweli. Tangu kaka yake afariki, hoteli hii ndiyo inayolisha wanangu. Naogopa sana.

Wakataji nimewapikia unga wetu wa futari. Umekwisha.

Alhamisi, 2 Agosti
Leo mchana wakataji wamekula viazi. Nimemwalika shemeji afuturu kwangu. Amefurahi, anadhani naomba radhi. Kaja na kanzu mpya – na kaja na shehe! Hilo sikulipanga. Haraka haraka nikamwekea shehe viazi vilivyobaki.

Adhana imelia, wamekula tende, wameswali. Nimemwandalia shemeji kuku wa mchuzi na ugali wa moto.

"Karibu, shemeji. Ni ule unga wako wa wakataji."

Sasa naandika jikoni, Jescah anachungulia kwenye pazia na kunisimulia. Shemeji hajaugusa ugali. Anasifu kuku. Shehe anacheka, anasema yeye ni wa kabila la Wanga, mtu wa ugali, viazi havimshibishi, amegewe ugali.

Amenyoosha mkono. Shemeji ameifunika sahani kwa viganja vyote viwili.