Kilo Tisa Kwenye Mizani ya Viazi

Neema mwanangu,

Mdogo wako amelala kwapani mwangu, kwa hiyo naandika kwa mkono mmoja na karatasi inateleza. Wewe uko Dar, wodini, na bibi yako mzaa baba. Leo ni siku ya sita tangu upasuliwe moyo. Una miaka miwili na nusu, kusoma bado. Barua hii nitakutunzia, lakini sitaificha, maana waliotusema hawakunong'ona.

Walisema nimekubemenda. Ukikua utalisikia neno hilo. Wanasema mama akishika mimba kabla mtoto wa kwanza hajaacha ziwa, yule mtoto anaharibika: anakonda, miguu inalegea. Na anayelaumiwa ni mama. Baba huwa haulizwi.

Lakini wewe ulikuwa mwembamba kabla ya mimba yoyote. Nakumbuka ukiwa na mwezi mmoja. Unavuta ziwa mara tatu, nne, unaachia, unahema kama mtu aliyepandisha mlima na mzigo wa kuni. Jasho linakulowesha kichwa, na nje kuna ukungu, watu wamevaa masweta. Nikaambiwa nikunyonyeshe zaidi. Nikanyonyesha zaidi. Mpaka siku moja kliniki muuguzi alikuwekea kipimo kifuani, akasikiliza muda mrefu, akaniuliza, "Mama, huyu mtoto ameshapimwa moyo?"

Ulikuwa na tundu kwenye moyo. Chakula chote nilichokupa kilikuwa kinaishia kwenye kuhema. Daktari wa Dar akasema tundu linazibika, ila si kwa mwili ule. Ulikuwa na kilo saba.

"Kuziba si tatizo," alisema. "Tatizo ni siku zinazofuata. Mtoto mkondefu kidonda chake kinachelewa kufunga, maambukizi yanampata upesi, na kumtoa kwenye mashine ya kupumua ni kazi. Niletee kilo tisa."

Nikarudi nyumbani Lukozi na kazi hiyo, kilo mbili. Parachichi la kuponda na maziwa. Uji wa karanga. Yai, kijiko kimoja, unapumzika, kijiko kingine. Mlo mmoja unamaliza saa nzima na jembe linanisubiri. Na mimba ikaingia katikati ya hayo, ndiyo, sikatai. Daktari alisema nisikuachishe ziwa, nami sikukuachisha.

Tumbo lilipoonekana, bibi yako alikuja na kanga ya kukubebea.

"Joto la mimba linamuunguza mtoto," akaniambia. "Nipe nikakae naye."

"Shikamoo mama," nikamjibu. "Chai hiyo hapo. Neema hatoki."

Akanywa chai, akaondoka na kanga yake mkononi. Sijawahi kumjibu mkwe namna ile. Ila ningerudia.

Kliniki walikupima mara moja kwa mwezi, na mimi kungoja mwezi nilikuwa siwezi. Siku ya gulio, soko letu la kila wiki, nikakupeleka kwa mzee Hoza, anayewapimia watu viazi. Akashusha gunia kwenye ndoano, nikakufunga kwenye kanga, akakuning'iniza. Ulicheka ukirusha miguu. Wanawake wa kabichi wakacheka pia, kicheko kingine.

"Mama Neema, huyo unauza kwa kilo au kwa fungu?"

"Huyo hata mchuzi hatoi."

"Mwacheni aone alivyombemenda."

Mzee Hoza akasoma kama hajasikia. "Saba na robo."

Nikawageukia. "Gulio lijalo nakuja tena. Mje mcheke."

Nikaja kila gulio. Kuna wiki mbili ulishuka kwa kikohozi, na ndizo walizocheka sana. Nilikuja vilevile. Siku mizani iliposoma tisa, mzee Hoza alilipiga gunia kofi, akasema, "Daraja la kwanza huyu." Wale wanawake walikuwa wanapanga kabichi zao, hakuna aliyeinua kichwa.

Dar walipotuita nilikuwa na wiki moja tangu nijifungue, tena kwa kupasuliwa. Safari ya basi nisingeiweza. Yule niliyemnyima ndiye niliyemkabidhi. Nilikufunga mwenyewe mgongoni mwake, kwa kanga ileile aliyokuja nayo siku ile. "Mama, asikose parachichi," nikasema. Akakaza fundo la kanga. Baba yako akawasindikiza hadi Mombo kupanda basi la Dar, mimi nikabaki nimeshika mlango.

Siku mbili ulizokuwa kwenye mashine, nililala na simu mkononi. Jana bibi yako akapiga simu. Kwenye mashine ulitolewa mapema kuliko walivyotegemea, mshono unakauka, na umelia ukitaka uji.

"Daktari kauliza nani alikuwa anamlisha huyu mtoto," akasema. "Nikamwambia mama yake. Nikakutaja jina."

Machozi yalikuja, sikatai nayo. Lakini nikamwambia, "Asante mama. Maneno hayo nayataka hapa Lukozi, siku ya gulio, pale penye kabichi."

Nikakusikia ukiguna nyuma yake. Kisha akasema, "Ngoja tufike."

Basi nangoja. Wote wawili tuna mshono sasa, wewe kifuani, mimi chini ya kitovu, na wa kwangu hauniumi kama ule nisiouona.

Utakuwa umepungua kidogo, najua. Si neno, maparachichi bado yapo mtini. Siku ya gulio nitamfunga mdogo wako kifuani, na wewe nitakubeba mgongoni. Nimekatazwa kubeba kizito, lakini wewe si mzito, wanawake wa kabichi walilisema wenyewe. Mzee Hoza atashusha gunia. Bibi yako akiyasema yale maneno, nitasimama naye. Akinyamaza, nitaisoma barua hii kuanzia mstari wa kwanza, na wewe ukiwa juu ya ndoano unarusha miguu.

Kula, mwanangu, unisubiri kwa kula.

Ni mimi mama yako, na mama wa mdogo wako.