Kipande Ambacho Hakikupaswa Kupaliliwa

Shabani, mwanangu,

Baada ya mazishi yako majirani walivuka Lualaba kwa mitumbwi, wakafanya salongo, kazi ya pamoja, katika shamba lako la majaribio ya mpunga. Hakuna aliyewaamuru. Walisema shamba la marehemu likijaa majani ni aibu kwa wafiwa. Wakapalilia vipande vyote vitatu: cha kupaliliwa mara mbili, cha mara moja, na kile ulichotaka kisiguswe.

Mama yako akaniita nione. «Papa mwalimu, angalia, iko safi yote!»

Nikamshukuru.

Unanijua, napenda kueleza. Kile kichafu ndicho kilichokuwa kipimo chetu. Bila hicho, hatujui jembe linaongeza mpunga kiasi gani. Msimu umepotea, na mkubwa wa kituo chetu cha kilimo akasema utafiti usio na mwenyewe ufungwe.

Nilifikiri sana kosa lilianzia wapi. Nikakumbuka wanawake wakipita na vikapu kando ya majani yale: «Citoyen Shabani, hapa bibi yako alikimbia?» Nawe ukiwajibu: «Atarudi siku ya mavuno!» Mlicheka, wakaenda zao. Mzaha ulikaa mahali pa maelezo. Mpango wetu ulikuwa na mbegu, vipimo na ripoti. Haukuwa na siku ya kuwaambia majirani.

Basi niliwakusanya. Niliwauliza: mkiwapa dawa watoto wote wenye homa, mtajuaje kama ni dawa iliyowaponya, au homa ilijiondokea? Mama Zaina, yule mcheshi kuliko wote, akasema polepole, «Kumbe tuliharibu kazi ya Shabani.» Nikawaambia mlimheshimu kwa njia mnayoijua. Ni kweli.

Mama yako alisimama akatoa kipande cha shamba lake mwenyewe kisipaliliwe, akijua hapo atavuna kidogo. «Majani hayo njo ya mwanangu. Muntu akiyagusa, atanijua!»

Watu walicheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Nilirudi kituoni na ahadi yao ya kutokigusa. Mkubwa amekubali kutoa mbegu za msimu mmoja, mimi nikisimamia. Tumekwisha kupanda.

Pumzika, mwanangu. Nakuahidi hili: mpunga ukipimwa, matokeo nitayasema kwanza palepale shambani, kwa Kiswahili, mbele ya mama yako na majirani. Kinshasa watapata karatasi yao ya Kifaransa baadaye, na jina lako litatangulia langu.

Mwalimu wako