Mwalimu, Nilimtoa Mwanao

Mwalimu, tumepanda daraja.

Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua. Ungekuwa hai usingepokea hata salamu yangu kabla hujajua matokeo. Basi matokeo ndiyo hayo: mbili kwa moja, Bukoba mjini, mbele ya mashabiki wa timu ya Bakoba waliokuja na ngoma zao, wakaanza kushangilia kabla mpira haujawekwa kati. Ngoma zilirudi nyumbani kimya. Timu yetu ya Nshamba, ile iliyokuwa ikitaniwa kuwa ni shamba la pointi, kila mtu anakuja kuvuna, imepanda daraja! Nimelia, nimecheka, sauti imenikauka. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kuja kaburini kukupigia kelele.

La pili nilitaka ulisikie kutoka kwangu. Nilimtoa Evodius. Mwanao, nahodha wako, beki wako wa kati wa miaka yote. Nilimtoa kwenye kikosi kabla msimu haujaanza, na kaburi lako lilikuwa bado udongo mtupu.

Usikasirike kwanza. Nisikilize.

Ulipotuacha, ligi ilikuwa imekwisha na tumenusurika kushuka kwa sababu tu wapo waliokuwa wabovu kuliko sisi. Kamati ilikaa dukani kwa Ta Novatus, mwenyekiti wetu, na nusu ya wajumbe wakataka timu ivunjwe. Walisema ilikuwa timu yako na umekwenda nayo. Ta Novatus akanitazama, akasema nipewe msimu mmoja, tukifanya vibaya tunafunga. Nadhani nilipewa kwa sababu hakuna mwanaume aliyeitaka. Mimi Koku, mfua jezi! Unakumbuka siku uliyonikuta kisimani na zile jezi za matope, ukaniuliza kwa utani kwa nini tumefungwa, nikakujibu kwamba beki wa kushoto anaogopa mpira wa juu? Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye majani. Jumatatu yake ukaniita benchi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la aibu, na ni la kwetu hasa. Nilitangaza majaribio ya wachezaji Jumamosi moja ya Novemba bila kufikiri ni msimu gani. Usiku wa kuamkia siku hiyo senene wakashuka. Unajua mambo ya Nshamba senene wakishuka, hata mgonjwa anapona. Asubuhi uwanjani tulikuwa mimi, mipira minne na mbuzi wa padri. Kikosi kizima ama kimelala, ama kimekaa jikoni kinawanyonyoa mabawa na kuwakaanga. Evodius akanitumia ujumbe: "Dada Koku, mpira upo hata kesho, senene hawapo." Nilicheka kwa hasira.

Nikiwa nafunga mipira kwenye wavu ili niondoke, wakapita wanaume watatu waliokuja sokoni na dagaa kutoka kisiwa cha Bumbire. Wale si wa kwetu. Wanahama na samaki, senene hawawasumbui. Wakaomba wapige mbili tatu huku wanasubiri gari. Mmoja, anaitwa Magesa, akaingia golini na ndala. Nilipiga mimi, wakapiga wenzake, na yeye akawa anaupokea mpira kama mtu anayepokezwa mtoto mchanga, bila papara. Nikamwambia gari litapita jingine.

Hapo ndipo nilipogongana na kanuni yako. "Nshamba ichezewe na watoto wa Nshamba," ulikuwa ukisema, na kila kijiji kilikuwa na mtoto wake kwenye kikosi. Mwalimu, tulikuwa tunagawa namba kama nyama ya harusi, kila mwenye heshima zake apate kipande. Watu walifurahi na sisi tukafungwa. Niliwasajili wale watatu. Kisha nikaanza kukata majina, moja baada ya jingine, mpaka nikafika kwa Evodius. Goti lake lilikuwa limekwisha. Wewe uliliona kabla yangu, ndiyo maana ulikuwa ukiwaagiza wenzake wakimbie kwa niaba yake. Na pale hospitali ulinishika mkono ukaniambia, "Koku, nakuachia timu, nakuachia na Evodius." Siku ngapi nimejiuliza nifanye nini ikiwa siwezi kuvibeba vyote viwili!

Sikutaka asome ubaoni kuwa ameachwa, kama mtu baki. Nilikwenda nyumbani kwako. Ma Adelina, mkeo, alinipokea kwa heshima zote, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu kidogo. Nikatafuna punje moja mpaka ikawa unga. Nilipomwambia Evodius, hakupaza sauti. "Majani hayajaota kaburini kwa baba," alisema, "na wewe unanitoa." Akaingia zake mgombani. Ma Adelina akawa ananisogezea kikapu tena, na mimi siwezi kunyoosha mkono. Nilirudi nyumbani najiona mwizi, nimeiba kwa aliyenilea.

Mechi ya kwanza tukafungwa. Ya pili tukafungwa. Watu wakaimba jina la Evodius pembeni mwa uwanja, na wale wa visiwani wakaitwa wapita njia waliofuata ndizi zetu. Ta Novatus hakunisema, alikohoa tu, nikaelewa. Ya tatu Magesa alidaka kila kitu, tukatoka sare. Ya nne tukashinda. Kisha tukazoea kushinda, na watu wetu hawakujua wafanye nini na furaha hiyo. Wengine walikuja kuniuliza kama nimekwenda kwa mganga. Niliwaambia ndiyo, mganga wangu anaitwa mazoezi.

Hivyo tukafika Bukoba, mechi ya mwisho, atakayeshinda anapanda. Tunaongoza, dakika zimekwisha, mwamuzi akawapa penalti. Mpigaji ni yule mrefu uliyekuwa ukimwita Twiga. Kisha nikaona Magesa hatazami mpira, anatazama watu nyuma ya Twiga. Nami nikatazama. Evodius alikuwa amesimama juu ya benchi la watazamaji, anajipiga paja la kulia, mara moja, mara mbili, mara tatu. Sikujua hata kwamba amekuja. Amecheza dhidi ya Twiga miaka mingapi, asijue anapopenda kupigia? Na Magesa alimwamini, mtu ambaye msimu mzima hakuwahi kumpa salamu. Akaruka kulia kwake. Akaudaka, Mwalimu! Hakuutema!

Watu wa Nshamba wakamiminika uwanjani, wakambeba Magesa juu, wakipiga kelele "Omwana waitu!" Mtoto wetu, leo! Nilitaka kuwakumbusha yale ya ndizi, nikaona waache tu, furaha haina kumbukumbu.

Evodius alinikuta nimekaa chini karibu na ndoo ya maji. Akakaa, akanyoosha ule mguu wake. "Dada Koku," alisema, "goti hili limeniuma misimu mitatu. Nilikuwa namchezea mzee. Nilichokasirikia ni kwamba ulinitoa wewe, si yeye."

Mwalimu, nakupenda, na bado ninakulilia. Lakini ulimkosea. Ulidhani unampa heshima, na yeye akadhani akiacha atakuvunja moyo, mkawa mnaficha maumivu yale yale nyumba moja. Nimemsamehe kila mtu katika jambo hili, hata mimi mwenyewe nusunusu.

Sasa dirisha la usajili limefunguliwa tena. Evodius ndiye mwalimu wa mabeki. Wiki iliyopita alikwenda Rubafu, akarudi na winga wa mguu wa kushoto ambaye bado naona haya kumsifu, nisije nikamharibu. Tutaacha watu wanne, na wawili kati yao nawapenda. Daraja tuliloingia halina huruma, nasi tunaliendea tunacheka.

Nakuaga, Mwalimu waitu. Lala salama, timu ipo. Na ahadi yangu ni hii: siku miguu ya Magesa itakapochoka, sitamficha golini kwa sababu nampenda. Nitapanda mtumbwi, na unajua ninavyoogopa maji, niende Bumbire, niketi naye, nimuulize kwanza yeye mwenyewe anataka nini. Evodius hatukumuuliza, si wewe, wala si mimi.

Koku