Krosheti Yangu ku Radiateur ya Kavira

Samedi, Butembo

Mais ule mujane Kavira! Jiwe ya njia ya Musienene imepiga radiateur ya kupoza moteur ya pikipiki yake, bibati byake byembamba bikajikunja. Basi bwana yangu Paluku ameshinda hapa ku lupango, mu kiwanja ya nyumba yetu, anabinyoosha moja moja na krosheti yangu ya kusuka. Polepole, sawa mutu anapanguza mutoto macho.

Mulango ya jikoni yangu, iko chini tangu Noeli. Kila siku Paluku ananiambia: "Kesho, mama."

Nilikuwa napitapita pale na ndoo haina hata maji.

Kavira akaniita, akicheka: "Yaya Masika, bwana yako iko na mikono muzuri!"

Nikamujibia: "Mikono ile niliijua mie wa kwanza!"

Bote bakacheka, hata mie. Mais roho ilikuwa inaniunguza.

Magaribi Paluku akanirudishia krosheti, imepinda.

Nikamuambia: "Nyoosha na hii. Polepole, vilevile."

Ananyoosha. Mie naangalia mikono.