Barazani kwa Lalji

Jumatatu, 5 Januari 1976

Kelele tangu asubuhi. Mbuvi amenunua jengo lote la Lalji, si uvumi tena. Amekuja mwenyewe na fundi wa mawe, Mwanzia, wakapima baraza kwa kamba. Kamba imepita juu ya cherehani yangu, hata samahani hakuna! Nikauliza mnapima nini. Mbuvi akasema baraza itazibwa ukuta, huku chini iwe baa, juu vyumba vya wageni. Na mimi je? Akanishika bega. Eti Mzee Donald umechoka, nenda nyumbani Sagalla ukapumzike.

Nimechoka, ndiyo. Mgongo, macho, mpaka kidole gumba. Lakini uchovu ni wangu, Mbuvi ananipimia wa nini? Kaptura yake ya kwanza ya shule nilishona mimi, hapa hapa, akilia kwamba inamwasha.

Jumanne, 6 Januari

Sare tele. Shule zinafunguliwa wiki ijayo na kila mzazi anataka yake leo. Sina hamu ya kuandika.

Jumatano, 7 Januari

Nimejaribu kuhama. Kimya kimya, kabla watu hawajajaa. Nimebeba cherehani hadi upande wa pili, kwenye kivuli cha kinu cha posho. Wapi! Inacheza kama mlevi. Nikaweka kijiwe mguu huu, mguu ule ukainuka. Sindano mbili zimevunjika, na unga umeingia kwenye kola za watoto.

Nikarudi. Pale pangu simenti imeliwa, matundu manne, kila mguu wa cherehani na tundu lake. Ukiiweka inakaa tu. Sijawahi kuyaangalia vizuri mpaka leo. Nimekaa nikayaangalia kama mjinga.

Alhamisi, 8 Januari

Leo wamevunja mbao za ndani. Lo! Tangu Lalji mwenye duka aende Uingereza kwa wanawe, duka lilikatwakatwa vijichumba — bucha hapa, kinyozi pale, fundi wa redio nyuma ya ngazi. Leo nimeliona tena lote, wazi, mpaka ukuta wa mwisho. Nimesimama na futi shingoni nikasahau nilichofuata.

Mwanzia ni kijana wa Kibwezi, hajui. Akauliza hii ilikuwa nini, kanisa? Nikacheka. Nikamwambia hapa chini zilikuwa nguo, sufuria, baiskeli zimening'inia darini. Juu vitanda, viatu na suti. Watu walishuka kutoka Chawia wasinunue kitu, wapande ngazi tu. Hawakusema kwa Lalji, walisema Ghorofani, kama hakuna ghorofa nyingine duniani! Marehemu mama alipanda vizuri, kushuka akashindwa. Akashuka kwa makalio, ngazi moja moja, Lalji mwenyewe amemshika mkono, na duka zima linatazama. Mama hakuona haya hata kidogo. Alinunua kijiko.

Mwanzia alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Kijana mzuri. Ndiyo shida, simpati wa kumchukia.

Ijumaa, 9 Januari

Mke wangu Tryphena ameshuka kutoka nyumbani na ndizi za kuuza. Amekaa kwenye benchi ya wateja, akatazama mawe yaliyopangwa, akasema Baba Elsie, inatosha, njoo nyumbani. Utashona huko. Nikamuuliza nani atapanda mlima kupimwa sketi? Akasema mimi napanda na maji kichwani kila siku, hukuniuliza.

Ana haki. Miaka yote hiyo amebeba maji, mimi niko hapa kivulini nasema niko kazini. Nimeona aibu. Na bado sitaki kwenda! Sijui ni ukaidi ama ni nini. Nyumbani nitakuwa mzee. Hapa mimi ni fundi.

Jumamosi, 10 Januari

Ukuta umeanza pande zote mbili, unakuja kukutana. Kwa kuwa nakaa ukingoni nipate mwanga, unakutana kwangu. Saa hizi umefika kiunoni kulia, kiunoni kushoto, na katikati ni mimi, cherehani na sketi ya mtoto wa Kalondu. Nawapokea wateja kama karani wa posta.

Mwanzia amekuja na ndoo ya udongo. Ameinama, kwa heshima kabisa. Mzee, nimefika kwako. Unabaki ndani ama nje?

Ndani ni baa. Nje ni jua na barabara. Na matundu yangu yako pale pale ukuta utakapopita.

Nimemwambia angoje nimalize pindo. Amekaa juu ya jiwe, anangoja, hata hanikodolei macho. Naandika hapa hapa, juu ya cherehani. Pindo limekwisha kitambo. Nimelifumua, naanza tena.