Goti la Bwana Harusi

Busia, upande wa Kenya

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku mpakani. Nyanya anaendeleaje na kifua chake? Mvua imefika Kitui, au bado mnaangalia mawingu tu? Mimi ni mzima isipokuwa goti la kulia, na habari za goti hilo ndizo barua yenyewe. Najua Kalekye ndiye anayekusomea. Dada, usiruke hata neno moja, nakujua wewe.

Mama, nimemwoa Amoit. Siku ulikuwa unaijua, na kwamba hukuweza kumwacha nyanya peke yake tulielewa sote. Mjomba alisimama mahali pako vizuri sana, akala vizuri zaidi, kisha akarudi Nairobi. Lakini mimi sikutaka usikie kwa mtu mwingine jinsi tulivyofika kanisani.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba niliacha kazi ya utanboi, ya kumsaidia dereva, kwenye malori ya Malaba, nikanunua baiskeli. Sasa nabeba watu kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda. Abiria anakaa kwenye keria nyuma yangu na mizigo yake, mimi nakanyaga. Kazi ni nzuri, ila goti lilianza kuuma, na mimi kwa akili yangu nikalifunga kwa mpira wa tyubu, ule tunaofungia mizigo kwenye keria. Nililikaza kama gunia la mahindi. Kufika jioni mguu umekufa ganzi, vidole sivisikii.

Nikaenda kwa sista wa zahanati ya misheni, mama mmoja wa Sigalame asiyebembeleza mtu. Alipouona ule mpira alicheka kwanza.

"Wewe unafunga goti ama unafunga mbuzi?"

Akatoa plasta ya kuvutika, inanyooka na kurudi kama lastiki ya sketi, na upande mmoja ina gundi. Akaniambia nikunje goti, akaivuta kidogo tu, akaibandika pande zote mbili za kile kifupa cha mbele. Nikasimama. Mama, nilisikia kama mtu ameweka mkono wake pale na kunishikilia. Maumivu hayakuisha, lakini niliweza kukanyaga. Akanipa kipande cha siku ya harusi akasema, "Osha goti, kausha, halafu bandika. Usipake kitu ingine."

Kipande hicho nilikihitaji kuliko suti, kwa sababu ya mzee Ekisa, baba yake Amoit, pale Adungosi. Mahari tulikuwa tumemaliza, lakini alibaki na sharti moja. Binti yake mkubwa alipelekwa kanisani kwa gari la kukodi, na mume yuleyule baadaye akamwacha arudi kwao kwa miguu, na mtoto mgongoni. Kwa hiyo mzee alisema mbele ya wote, "Mimi sitaki gari. Huyu kijana atabeba msichana yangu na baiskeli yake mwenyewe. Msichana akifika kanisani kwa miguu, narudi na yeye nyumbani."

Na hakuwa anatania.

Asubuhi ya harusi nikaosha goti, nikalikausha. Halafu, Mama, ni wewe uliyetulea kwamba mtu hatoki nyumbani na miguu ya majivu. Mkono ulienda kwenye chupa ya mafuta wenyewe. Nikajipaka mpaka miguu inang'aa, ndani ya suruali ambayo hakuna mtu angeona kitu, kisha nikabandika plasta juu yake. Ilishika. Nikajiona fundi.

Tulitoka vizuri, Amoit amekaa upande nyuma yangu na gauni lake jeupe, watu wanapiga vigelegele njia nzima. Kabla ya kanisa kuna kilima. Katikati ya kilima nilisikia plasta inateleza, inashuka kwenye muundi, ikajikunja juu ya soksi. Goti likakataa kabisa. Baiskeli ikasimama. Niliogopa, Mama, sikufichi. Kanisa nililiona pale juu, na mzee Ekisa amesimama mlangoni.

Amoit akashuka. Nikamwambia, "Usitembee, tafadhali. Baba yako anaona."

"Nani ametembea?" akasema. "Leta baiskeli. Kaa nyuma."

Alikuwa akipeleka mihogo ya kwao sokoni kwa baiskeli tangu akiwa msichana mdogo. Akapandisha gauni, gaguro la ndani likabaki nje, akalifunga gauni kiunoni kwa mpira wa keria, akashika usukani. Mimi nikakaa nyuma na maua yake mkononi. Tulipanda kile kilima polepole mpaka mlangoni.

Vigelegele vilinyamaza. Mzee akanitazama nilivyokaa pale.

"Wewe ndiyo abiria?"

"Ndiyo, mzee. Goti imekataa."

Akamgeukia binti yake, aliyekuwa anahema na jasho linamtiririka. "Amekulazimisha?"

"Hapana, Papa. Mimi ndiye nimemwambia akae."

"Na akakaa, mbele ya watu wote hawa?"

"Akakaa."

"Yule wa dada yako hangekaa," mzee akasema. Akatoa leso yake, akampangusa Amoit uso, kisha akanishika mkono kunishusha. "Ingieni. Padri anangoja."

Nilifurahi mpaka wimbo wa kwanza ukanishinda kuimba.

Nisalimie nyanya, mwambie apone. Msalimie kaka mkubwa anayechunga ng'ombe zetu, na mama mdogo wa duka, na Kalekye ambaye najua amecheka mahali pasipostahili. Mzee Ekisa anakusalimu, anakuita mwenzake.

Tunakuja Krismasi, Mungu akipenda, na baiskeli itapanda juu ya basi. Amoit ameniambia nikuandikie neno lake kama alivyolisema: uje stendi utupokee, usihofu safari ya kurudi, maana yeye ndiye atakayekubeba mpaka nyumbani. Mimi nitatembea nyuma na mizigo.

Ni mimi mwanao, sasa mume wa watu,
Mutua